Chumvi, sukari, urea na CAN: mwongozo kamili wa kutofautisha bondi ya ioni na ya kovalenti kwa mikono yako

Kwenye mtihani wa kemia swali ni lile lile kila mwaka: hii bondi, yaani kinachoshika atomi pamoja, ni ya ioni au ya kovalenti, na umejuaje? Na watu wanakosea pale pale. Mtu amekariri kwamba vitu vya ioni vinayeyuka kwenye maji na vya kovalenti haviyeyuki, anapewa sukari, anaandika ioni. Mwingine anaambiwa achore chumvi, anachora maduara mawili yameingiliana kama vile anachora maji.

Vijana wanaokuja twisheni hapa Mbeya wananiuliza haya haya, na ndugu zao walioko Mafinga na Makambako wanatuma maswali yale yale, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke, maana kila hatua inategemea ya nyuma yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chumvi ya kawaida na sukari nyeupe, vijiko vitatu vitatu vya chai
- Mbolea ya urea na mbolea ya CAN (kalsiamu amoniamu naitreti), kijiko kimoja kila moja (ukanda wetu huu wa mahindi hukosi jirani mwenye mfuko uliobakia)
- Kipande cha mshumaa
- Siki kidogo
- Maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma lebo vizuri, usije ukapewa asidi ya betri, hiyo inachoma ngozi na macho. Ukikosa, kinga maji ya mvua moja kwa moja kwenye sufuria safi, mvua ikiwa imeshanyesha muda, sio yale ya kutoka kwenye bati
- Betri moja ya volti 9
- LED (taa ndogo ya elektroniki) nyekundu moja na rizista (kipunguza umeme) ya omu 470, vyote vipo kwa fundi redio yeyote, ukienda Mwanjelwa hukosi
- Nyaya nyembamba na selotepu
- Penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili
- Vikombe sita vya plastiki, andika majina juu yake
- Kifuniko cha kopo cha bati, koleo na jiko la mkaa
- Jedwali la elementi, daftari na kalamu

Kwa nini LED nyekundu na sio nyeupe: nyekundu inawaka kwa volti karibu 2, nyeupe inataka karibu 3, na kwenye maji kuna volti nyingine zinapotelea kwenye penseli. Ukitumia nyeupe unaweza kudhani chumvi haipitishi umeme kumbe taa yako ndo inadai zaidi.

Tahadhari, soma kabla ya kugusa chochote

Usitumie umeme wa ukutani. Hata siku moja, hata kwa chaja. Betri inatosha.

CAN ina amoniamu naitreti ndani yake, usiiweke kwenye moto, usiichanganye na mkaa wala mafuta. Urea nayo usiipashe, inatoa gesi ya amonia inayokaba. Mbolea zote mbili tunazipima kwenye maji tu. Usionje kitu, hata kama unajua ni sukari, kwa sababu vijiko vitakuwa vimeshachanganyikana.

Jiko la mkaa liwe nje. Najua Juni na Julai huku baridi inauma na watu wanaingiza jiko ndani, lakini mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Nje tu.

Hatua ya 1: Elewa unatafuta nini, yaani elektroni ziko kwa nani

Andika daftarini elektroni za kila atomi, ganda kwa ganda kutoka ndani kwenda nje: sodiamu 2,8,1. Klorini 2,8,7. Haidrojeni 1. Kaboni 2,4. Oksijeni 2,6.

Sodiamu ina elektroni moja nje inayoshikiliwa kilegevu, klorini imepungukiwa moja kufika nane. Elektroni ile inahama. Sodiamu iliyopoteza inabaki na chaji ya chanya, klorini iliyopokea inakuwa na chaji ya hasi (atomi yenye chaji hivyo ndo inaitwa ioni), na chanya na hasi zinavutana. Mvutano huo ndo bondi ya ioni. Shika hapa: bondi ni mvutano baada ya elektroni kuhama, sio ule uhamaji wenyewe.

Kovalenti hakuna anayempa mwenzake moja kwa moja. Fikiria wakulima wawili wa Mbozi, kila mmoja ana ng'ombe mmoja tu wa kulimia, na plau inataka wawili kwenye nira. Wanaunganisha, jozi inalima mashamba yote mawili, na hakuna anayeweza kuondoka na jozi nzima. Ndivyo atomi mbili za klorini zinavyofanya: kila moja inaleta elektroni moja, jozi inahesabika kwa zote mbili, kila moja inafika nane.

Kuna tofauti ya pili ambayo wengi hawafundishwi kwa mkazo na mi naona ndo inayowaangusha. Kwenye chumvi hakuna molekuli. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za klorini, na kila ya klorini imezungukwa na sita za sodiamu, na inaendelea hivyo hivyo chembe nzima. Ile NaCl unayoandika ni uwiano tu, moja kwa moja. Sukari ni kinyume, ina molekuli kweli kweli, kila moja ni kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11 zilizoshikana kwa kovalenti, alafu molekuli na molekuli zinashikana kwa nguvu nyingine iliyo dhaifu zaidi.

*Umefaulu kama:* unaweza kumweleza mdogo wako kwa nini hatusemi "molekuli ya chumvi" bila kuangalia daftari.

Hatua ya 2: Tengeneza kipimia umeme

Unganisha hivi: upande chanya wa betri uende kwenye rizista, rizista iende kwenye mguu mrefu wa LED, mguu mfupi uende kwenye ncha ya penseli ya kwanza. Penseli ya pili iunganishwe na upande hasi wa betri. Funga nyaya kwa selotepu zikaze vizuri kwenye ile risasi nyeusi ya penseli, sio kwenye mbao.

Kwa nini penseli na sio misumari? Ile nyeusi ya penseli ni grafaiti, inapitisha umeme na hailiki haraka. Msumari wa chanya unaliwa, chuma kinaingia kwenye maji, maji yanageuka rangi na sasa unapima chuma, sio chumvi yako.

Rizista usiiache. Bila hiyo LED inaungua dakika hiyo hiyo unapogusanisha penseli.

*Umefaulu kama:* ukigusanisha ncha za chini za penseli taa inawaka, ukiziachanisha inazima. Isipowaka, geuza miguu ya LED kwanza kabla hujarudi kumlaumu fundi redio.

Hatua ya 3: Pima vikiwa vikavu

Weka chumvi kikombe kimoja, sukari kingine. Chumvi ikaange kidogo kwenye kikaango kisafi kwanza, ikipoa ndo upime, hasa masika, maana chumvi ya kwetu inavuta unyevu mpaka inashikana. Chomeka penseli zikiachana sentimita moja.

Taa haiwaki. Kote kote. Na hapa ndo mwanafunzi anashtuka, mbona chumvi ni ya ioni na ioni zina chaji?

Zina chaji ndiyo, ila hazitembei. Umeme unahitaji chaji inayotembea, na ndani ya chembe kavu kila ioni imebanwa na majirani sita. Kwenye mtihani usiandike "chumvi inapitisha umeme" ukaishia hapo, andika inapitisha ikiwa imeyeyushwa kwenye maji au imeyeyuka kwa moto, na sababu ni ioni kuwa huru kutembea. Nusu ya maksi iko kwenye hilo neno huru.

*Umefaulu kama:* taa imezima kwa zote mbili. Ikiwaka kwenye chumvi, ama ina unyevu ama penseli zinagusana.

Hatua ya 4: Pima kwenye maji (hii ndo hatua kuu, usiikimbize)

Jaza vikombe vyote sita maji yasiyo na madini, nusu nusu. Cha kwanza acha maji matupu. Cha pili sukari, cha tatu urea, cha nne siki vijiko viwili, cha tano CAN, cha sita chumvi. Vya unga na mbolea kijiko kimoja kimoja, koroga kila kikombe kwa kijiko chake.

Pima kwa mpangilio huo huo. Ukianza na chumvi alafu ukaenda kwenye sukari, penseli zitabeba chumvi na sukari "itapitisha umeme", na hili ndo kosa linaloharibu majaribio ya watu wengi. Kati ya kikombe na kikombe suuza ncha kwa maji safi na ufute. Penseli ziachane umbali ule ule kila mara, la sivyo huwezi kulinganisha.

Utakachokiona:

Maji matupu: taa imezima, au kuna mwanga hafifu mno unaoonekana gizani tu. Huo ndo msingi wako, kila kingine linganisha na huo.

Sukari: kama maji matupu. Imeyeyuka yote, huioni, lakini iliyoyeyuka ni molekuli nzima nzima zisizo na chaji. Kwa hiyo ile kanuni ya kwamba kovalenti haiyeyuki kwenye maji imekufa hapa mbele ya macho yako. Kinyume chake pia kipo, chokaa ya shamba ni kalsiamu kaboneti, ni ya ioni, na kwenye maji inabaki chini karibu yote. Kuyeyuka kwenye maji peke yake hakukuambii bondi.

Urea: imezima au hafifu sana kwa ajili ya uchafu wa mbolea. Urea ni kaboni, oksijeni, naitrojeni na haidrojeni tu, yote kovalenti.

Siki: inawaka kidogo. Iache kwanza, tutairudia hatua ya 8.

CAN: inawaka vizuri. Utaona pia unga wa chokaa umetuama chini, ni kawaida, yenyewe imetengenezwa kwa kuchanganywa na chokaa.

Chumvi: inawaka kuliko zote au sawa na CAN, na mapovu yanatoka kwenye penseli, mengi zaidi upande wa hasi. Hayo ni haidrojeni. Upande wa chanya inaweza kutoka klorini kidogo, utasikia harufu kama ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hivyo pima sekunde chache tu alafu toa, na fungua dirisha.

Angalia sasa urea na CAN zilivyokaa. Zote nyeupe, zote punje, zote zinapeleka naitrojeni kwenye mahindi, zote zinayeyuka, na zote ukishika kikombe utahisi maji yamepoa. Kwa macho na kwa mkono huwezi kuzitenganisha kwa kigezo cha bondi. Taa imezitenganisha.

*Umefaulu kama:* maji, sukari na urea ziko kundi moja, CAN na chumvi kundi jingine, siki katikati.

Hatua ya 5: Pasha moto, lakini ujue kinachokatika ni nini

Nje, weka kifuniko cha bati juu ya mkaa uliokolea. Weka punje ya mshumaa upande mmoja, sukari kidogo katikati, chumvi kidogo mwisho. Shika kwa koleo.

Mshumaa unayeyuka karibu mara moja. Sukari inafuata, inageuka kahawia kisha nyeusi. Chumvi inaweza kupasuka pasuka kwa maji yaliyonaswa ndani, kisha inakaa tu. Itakaa hapo mpaka mkaa uishe, kwa sababu inayeyuka nyuzi 801 na kwa jiko la nyumbani hutaifikisha.

Sasa karibu kila daftari ninalosahihisha limeandikwa "mshumaa umeyeyuka haraka kwa sababu bondi za kovalenti ni dhaifu". Hapana. Bondi ya kovalenti ina nguvu sana. Mshumaa ukiyeyuka, ndani ya kila molekuli kaboni na kaboni bado zimeshikana vile vile, ndo maana ukipoa unaupata mshumaa ule ule. Kilichoachia ni mvutano kati ya molekuli na molekuli.

Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Shuka Kyela kando ya Ziwa Nyasa, yanachemka karibu 98, na maharage yanaiva mapema kuliko huku. Bondi kati ya haidrojeni na oksijeni ni ile ile Kyela na Mbeya, mvuke wa Kyela ni H₂O na wa Mbeya ni H₂O. Kilichobadilika ni uzito wa hewa unaoyakandamiza maji juu. Kwa hiyo kuchemka ni habari ya molekuli kuachana, sio ya atomi kuachana.

Sukari ndo tofauti kidogo, ile kuwa nyeusi maana yake molekuli zenyewe zimevunjika na kaboni imebaki. Hiyo hairudi.

Kuna wanaoongeza jaribio la kugonga kwa nyundo, eti ioni inapasuka. Inapasuka kweli, lakini sukari nayo inapasuka. Mi naliacha.

*Umefaulu kama:* umeandika "nguvu kati ya molekuli" kwenye maelezo yako na sio "bondi dhaifu".

Hatua ya 6: Rudi kwenye jedwali la elementi

Mtihani hautakupa betri, kwa hiyo lazima uweze kubashiri. Kanuni ya kwanza: metali na isiyo metali, fikiria ioni. Zisizo metali zenyewe kwa zenyewe, fikiria kovalenti. Inakutosha kwa maswali mengi ya form two.

Ukitaka kuchimba zaidi, tumia namba zinazoonyesha atomi inavuta elektroni kwa nguvu kiasi gani. Sodiamu 0.93, klorini 3.16, tofauti 2.23, kubwa, ioni. Haidrojeni 2.20 na klorini 3.16, tofauti 0.96, kovalenti iliyovutwa upande mmoja. Klorini na klorini, sifuri, kovalenti ya sawa kwa sawa. Watu wanatumia 1.7 kama mpaka.

Mpaka huo sio ukuta. Haidrojeni na florini tofauti yake 1.78, imevuka, na bado ni kovalenti. Aluminiamu na klorini ni metali na isiyo metali, ila tofauti ni 1.55 tu na kloraidi yake kavu ina tabia za kovalenti. Bondi zinatoka upande mmoja kwenda mwingine taratibu, hakuna mahali zinaporuka ghafla.

Hatua ya 7: Chora

Maksi nyingi zinapotelea hapa.

Kwa ioni: chora kila ioni peke yake, *mbali mbali*, kila moja ndani ya mabano ya mraba, chaji juu kulia nje ya mabano. Sodiamu ibaki 2,8 na alama ya +. Klorini iwe 2,8,8 na alama ya −, saba ziwe nukta na moja iliyotoka kwa sodiamu iwe msalaba. Maduara yasigusane. Yakiingiliana umeshasema kovalenti.

Magnesiamu na klorini: magnesiamu 2,8,2 inatoa mbili, klorini moja inaweza kupokea moja tu, kwa hiyo zinatakiwa klorini mbili. MgCl₂. Usiandike Cl₂ ndani ya mabano, ni ioni mbili tofauti, kila moja na mabano yake.

Kwa kovalenti: maduara yaingiliane, jozi ikae ndani ya eneo lililoingiliana, nukta moja na msalaba mmoja. Hakuna mabano, hakuna chaji. Maji yana jozi mbili za kushirikiana, na oksijeni ibaki na jozi mbili zake ambazo haijashirikisha mtu. Hizo za pembeni wengi wanazisahau.

Kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayotoka ardhini kule Rungwe na kutiwa kwenye soda, ina bondi mbili mbili: kila oksijeni inashirikiana na kaboni jozi mbili, jumla nukta nne na misalaba minne.

*Umefaulu kama:* umehesabu elektroni zote kabla na baada na idadi ni ile ile. Maji: za nje ni 6 jumlisha 1 jumlisha 1, nane. Zikiwa saba au tisa kwenye mchoro wako, futa.

Hatua ya 8: Vinavyochanganya

Siki. Asidi iliyomo ni ya kovalenti, lakini ikiingia kwenye maji baadhi ya molekuli, chache tu, zinaachia haidrojeni ikiwa ioni, na hizo chache ndo zimewasha taa kidogo. Haidrojeni kloraidi nayo ni gesi ya kovalenti, ikiingia kwenye maji inagawanyika karibu yote na inapitisha umeme sana. Kwa hiyo taa kuwaka inakuambia kuna ioni ndani ya maji sasa hivi, haikuambii kama zilikuwepo kabla.

Almasi. Kovalenti tupu, na ngumu kuliko karibu kila kitu, kwa sababu haina molekuli ndogo ndogo, kila kaboni imeshikana na nne na inaendelea chembe nzima. Grafaiti ya penseli yako nayo ni kaboni na kovalenti na inapitisha umeme, kwa kuwa kila kaboni imeshikana na tatu tu na elektroni moja inabaki huru.

CAN. Ndani ya ioni ya amoniamu, naitrojeni na haidrojeni zimeshikana kwa kovalenti. Ndani ya ioni ya naitreti vile vile. Kati ya ioni na ioni ndo kuna bondi ya ioni. Ukiulizwa, taja zote mbili na useme ipi iko wapi.

Kusafisha, na kujipima

Maji ya urea na CAN yaongezee ndoo ya maji, mwaga shambani mbali na kisima. Ya chumvi usimwage kwenye mimea. Osha mikono.

Alafu jipime na magadi, yale ya kupikia mboga. Koroga kijiko kwenye maji safi, kabla ya kupima andika ubashiri wako na uchore. Yawe yenye sodiamu kaboneti, taa itawaka kwa nguvu, na kwenye mchoro uwe na ioni mbili za sodiamu kila moja na mabano yake, na ioni moja ya kaboneti yenye chaji ya 2−, ambayo ndani yake kaboni na oksijeni tatu zimeshikana kwa kovalenti.